Mbuzi aliyechanjwa sotoka bado anaweza kufa kwa mapafu

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo pale Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, kuna lalamiko linalosafiri kutoka mnada mmoja hadi mwingine: mbuzi wamechanjwa, wamevalishwa hereni, na wiki mbili baadaye wameanza kukohoa na kufa. Wapo wanaosema dawa ilikuwa imepitwa na wakati. Wapo wanaosema chanjo yenyewe ndiyo iliyoua. Upande wa pili wapo wataalamu wanaoyasikia maneno hayo na kuyapuuza, wakisema mfugaji wetu ni mbishi na hataki maendeleo. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinagombania jambo ambalo halikuwemo ndani ya sindano. Chanjo ya mbuzi na kondoo inayotolewa katika kampeni hii ni ya sotoka. Mbuzi anayekufa akikohoa, huku kondoo wa zizi hilohilo wakiendelea kula vizuri, mara nyingi ana homa ya mapafu, ugonjwa mwingine kabisa wenye kijidudu chake na chanjo yake. Serikali haikukosea kuanza na sotoka. Ilikosea kuwaacha watu waamini kwamba mbuzi "amechanjwa", basi, bila kuambiwa amechanjwa nini. Kosa hilo lisiporekebishwa mapema litaila kampeni yenyewe.

Tuanze na magonjwa, maana mkanganyiko huu una chanzo. Sotoka ya mbuzi na kondoo huletwa na kirusi kilicho jamaa wa karibu wa kile cha sotoka ya ng'ombe, na wa ukoo mmoja na kirusi cha surua. Mnyama hupata homa kali, macho na pua hutoa uchafu unaogandamana, mdomo huota vidonda vinavyonuka, kisha huanza kuhara. Mapafu nayo huingiliwa, ndiyo maana mbuzi mwenye sotoka pia hukohoa. Homa ya mapafu ya mbuzi huletwa na bakteria wa kundi la maikoplazma, na huyu hana habari na tumbo wala mdomo. Anakwenda kifuani. Joto hupanda hadi nyuzi 41 na kuzidi, mbuzi hubaki nyuma ya kundi, hupumua kwa kugumia, husimama ametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo huku mate yakining'inia. Katika kundi ambalo halijawahi kukutana na ugonjwa huu, karibu mbuzi wote wanaweza kuugua, na vifo hufika asilimia 60 hadi 80. Ukimpasua aliyekufa, tofauti inaonekana hata na asiye na cheti chochote: kifua kimejaa maji ya rangi ya majani makavu, pafu, aghalabu la upande mmoja tu, limevimba na kuwa gumu kama ini, na limeng'ang'ania mbavu kiasi kwamba unalibandua kwa nguvu ya vidole. Utumbo mzima, mdomo safi.

Wafugaji wanaijua tofauti hii kuliko tunavyowapa sifa. Mmaasai ana olkipiei, jina analolitumia kwa ugonjwa wa mapafu. Mturkana hutenganisha loukoi, wa mapafu, na lomoo, ambao ndio sotoka iliyoingia kwao katika miaka ya 2006 na 2007. Kinachowachanganya watu ni namna kampeni inavyotangazwa. Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wanachanjwa sotoka, kuku wanachanjwa mdondo. Mtu aliyeko malishoni na redio yake ndogo anasikia "homa ya mapafu" na "mbuzi" ndani ya tangazo moja la nusu dakika, anaunganisha. Ungemlaumu? Chanjo ile ya ng'ombe imetengenezwa kwa bakteria mwingine wa kundi hilohilo la maikoplazma, na mbuzi haimfai kitu.

Ugonjwa wenyewe una historia ndefu ya kutoeleweka. Maelezo ya kwanza ya kitaalamu yaliandikwa Algeria mwaka 1873, na mwandishi wake aliamini kuwa hauambukizi, kwamba ni baridi na mabadiliko ya hali ya hewa tu. Hadi leo ukipita vijijini baada ya mvua kubwa utasikia jibu hilohilo, na halikosi ukweli, kwa sababu baridi, mvua na safari ndefu huwaangusha mbuzi waliokuwa wamebeba bakteria kimyakimya. Lakini mwaka 1881, kule Koloni ya Cape, Afrika Kusini, shehena ya mbuzi wa Angora kutoka Uturuki ilishusha ugonjwa huo kati ya mbuzi wa huko, na daktari wa mifugo wa koloni, Duncan Hutcheon, akaonyesha kwamba unahama kutoka mbuzi hadi mbuzi. Waliougua walichinjwa, waliokaa nao wakapewa kinga ya kienyeji ya wakati ule, na ugonjwa ukafutika. Pamoja na ushahidi huo, kijidudu chenyewe kiliendelea kuwakwepa wanasayansi kwa karibu miaka mia moja, kwa kuwa ni kigumu mno kuoteshwa maabara. Kilinaswa hapa jirani, Kenya, mwaka 1976, na kikathibitishwa kuwa ndicho kisababishi. Miaka ya 1980 maabara za Kabete zikatoa chanjo iliyotokana na bakteria waliouawa. Tanzania iliuthibitisha ugonjwa kimaabara mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi ni kazi ya Afrika Mashariki tangu mwanzo, na taasisi ya kuzalisha chanjo za mifugo ya Kenya, KEVEVAPI, imekuwa ikiitengeneza kwa miaka mingi. Hoja ya wanaozikataa chanjo hizi wakiziita "chanjo za wazungu" ingepaswa kuishia hapo, ingawa najua haitaishia hapo.

Sasa twende kwenye hoja ya serikali, ambayo ni nzito, na sitaki kuipunguza. Sotoka ya mbuzi na kondoo inaweza kufutwa duniani. Sindano moja hukinga kwa miaka isiyopungua mitatu, na kwa mbuzi wengi huo ndio umri wote watakaoishi. Mnyama aliyepona habaki akiusambaza ugonjwa. Chanjo ipo, ni rahisi, na tuna mfano: sotoka ya ng'ombe, iliyowafilisi babu zetu, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Kwa mwendo huohuo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani walikutanisha nchi Abidjan mwaka 2015 na kuweka lengo la kuifuta sotoka ya mbuzi ifikapo 2030. Tanzania, ambayo ugonjwa ulithibitishwa Ngorongoro mwaka 2008, imo katika safari hiyo. Homa ya mapafu haina sifa hizo. Chanjo yake ni ya bakteria waliokufa, kinga yake ni ya mwaka mmoja hivi, na mbuzi aliyepona anaweza kubaki na bakteria kifuani akisubiri siku mbaya. Hakuna anayezungumzia kuifuta duniani. Ukiwa waziri mwenye bajeti moja na magonjwa mawili, utaweka fedha kwenye lile unaloweza kulimaliza. Na mimi ningefanya hivyo.

Lakini kuchagua ugonjwa mmoja ni uamuzi wa bajeti. Kuueleza uamuzi huo ni kazi nyingine, na hapo ndipo tulipoteleza. Tazama inavyokwenda siku ya chanjo. Asubuhi mbuzi wa kitongoji kizima wanakusanywa kwenye kibanio kimoja au kwenye boma la mtu mmoja mwenye nafasi. Makundi ambayo hulala mbali na hukutana mara chache yanabanwa pamoja kwa muda wa saa tatu au nne, kwenye vumbi, pua kwa pua. Chupa ya chanjo ya sotoka ni ya unga uliokaushwa. Ikishachanganywa na maji yake haikai, kwa hiyo timu inakimbizana na muda, na hakuna anayesimama kupima joto la mbuzi mmojammoja wala kuuliza nani alianza kukohoa juzi. Homa ya mapafu huenea kwa pumzi na matone ya kikohozi, kwa kukaribiana hivyohivyo. Akiwemo mbuzi mmoja aliyenunuliwa mnadani wiki iliyopita, asubuhi ile inamtosha. Dalili huchukua siku sita hadi kumi kujitokeza, wakati mwingine wiki tatu au nne. Kwa hiyo mbuzi wanaanza kukohoa hasa katika kipindi ambacho mfugaji yeyote mwenye akili timamu angehesabu kurudi nyuma na kukuta siku ya chanjo. Hesabu yake ya siku ni sahihi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kuwa chanjo na mkusanyiko ni vitu viwili.

Niongeze kwamba hata sotoka yenyewe inaweza kuua baada ya chanjo, bila chanjo kuwa na hatia. Mbuzi aliyekwisha kuambukizwa siku anachomwa sindano hajapata kinga bado, kwani mwili unahitaji takriban wiki mbili kuijenga. Na magonjwa haya mawili hayafuati mipaka tunayoyachorea kwenye vitabu. Uchunguzi wa sampuli za mbuzi wa hapa Tanzania umewahi kukuta kirusi cha sotoka na vijidudu vya mapafu ndani ya mnyama mmoja. Sotoka hudhoofisha kinga ya mwili, na vijidudu vya kifuani hupata mlango wazi. Anayemchanja mbuzi sotoka, kwa hiyo, anampunguzia pia baadhi ya vifo vya mapafu. Ni habari njema, na ajabu ni kwamba sijaisikia ikisemwa popote kwenye matangazo.

Kenya imetuonyesha mapema mahali ukimya huu unapofikia. Serikali ya Rais William Ruto ilipotangaza mwishoni mwa 2024 mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, na kuuanza Januari 2025, mjadala haukuwa juu ya sotoka wala ugonjwa wa miguu na midomo. Ulikuwa juu ya Bill Gates, juu ya gesi ya ng'ombe na mabadiliko ya tabianchi, juu ya chanjo kuwa njama ya kuua uzazi wa mifugo. Wanasiasa wa upinzani waliupokea uvumi huo kwa mikono miwili. Serikali ilijibu kwa kukanusha na kwa kukaripia, na kila kukanusha kukauongezea uvumi masikio. Wengi waliucheka kama upuuzi. Mimi sikuona upuuzi mtupu. Niliona watu ambao miaka mingi wameletewa huduma ya mifugo kwa vipande: leo mradi unakuja, kesho unaondoka, anayekuchanjia mbuzi wako humjui na hatarudi kukuuliza walikuwaje. Mahali ambapo hakuna maelezo, uvumi ndio unaokaa kwenye kiti. Tofauti ya Kenya na sisi ni kwamba kwao kaunti za kaskazini, zenye wafugaji wa kuhamahama, zimekuwa zikichanja sotoka na homa ya mapafu katika msafara mmoja, mara nyingi kwa msaada wa mashirika. Kwa hiyo kusema haiwezekani kuyabeba yote mawili ni kusema jambo ambalo jirani anafanya.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia zaidi kutoka kwa watu walioko ofisini, ni hii: homa ya mapafu ina dawa, sotoka haina, kwa hiyo mwenye mbuzi wa kukohoa aende duka la dawa za mifugo akanunue. Kwenye karatasi inapendeza. Ni kweli kwamba oksitetrasaiklini au tailosini, ikidungwa mapema na kwa kipimo kamili, huokoa mbuzi wengi. Shida ni neno mapema. Mbuzi huonyesha ugonjwa pale kifua kilipokwisha kujaa maji, na ukiona mmoja amesimama ametanua miguu, wengine wameshavuta pumzi yake. Dukani anayeuza si daktari, anauza kilichopo. Penisilini na mchanganyiko wake ni rahisi kupatikana na watu wanaziamini, lakini dawa hizo huua bakteria kwa kubomoa ukuta wa seli, na maikoplazma hana ukuta huo. Unaweza kummiminia chupa nzima, asijue kama umempa kitu. Mfugaji ametumia fedha, mbuzi amekufa, imani nayo imepungua. Hata ile dawa sahihi, ikitolewa nusu kipimo kwa kuwa chupa ni ghali na mbuzi ni wengi, humwacha mnyama amepona kwa macho huku bakteria wakiendelea kukaa ndani. Huyo ndiye atakayepelekwa mnadani, kwa sababu amekonda na mwenyewe anataka kumtoa kabla hajaanguka. Na kuna nyama na maziwa: dawa hudumu mwilini kwa siku kadhaa, na ni nani anayezihesabu siku hizo pale mbuzi anapochinjwa haraka ili asife bure? Tunachokiita tiba ni njia ya kuuzungusha ugonjwa mkoani, na kuwafundisha bakteria wengine kustahimili dawa tunazozihitaji wenyewe hospitalini.

Hoja nyingine ya kupinga ina uzito na inastahili jibu la heshima. Wachumi wa mifugo husema kinga ya sotoka ni faida ya wote, maana kila mbuzi aliyechanjwa anaisogeza nchi karibu na kuufuta ugonjwa, hivyo ni haki kodi ilipe. Kinga ya homa ya mapafu, wanasema, ni faida ya mwenye mbuzi: analipa, anakingwa mwaka mmoja, mwakani analipa tena, sawa na anavyonunua dawa ya kuogesha kupe. Nakubaliana nao nusu. Mfugaji wa mbuzi mia tatu huko Longido au Kiteto anaweza kulipa, na atalipa akiiona faida, kwa sababu mbuzi kumi tu wakifa mfululizo amepoteza fedha za kuchanja kundi zima miaka mingi. Lakini mama wa Dodoma vijijini mwenye mbuzi saba hawezi kununua chupa yenye dozi nyingi, kuifikisha nyumbani ikiwa ya baridi, kutumia dozi saba na kumwaga zilizobaki. Kwake mbuzi ni ada ya shule, ni nauli ya hospitali, ni kitu pekee cha thamani anachoweza kukiuza bila kumuuliza mtu. Ng'ombe mara nyingi ni wa baba. Soko likiachiwa jambo hili peke yake litamfikia mwenye mia tatu na kumruka mwenye saba, na kwa kuwa bakteria hawaulizi ukubwa wa kundi, zizi lake litakuwa ghala la ugonjwa kwa majirani wote wenye uwezo. Hapo faida ya mtu binafsi inageuka kuwa hasara ya wote, na nusu ya pili ya hoja ya wachumi inaanguka.

Ndiyo maana suala la gharama linapaswa kutazamwa upya. Sehemu kubwa ya gharama ya kuchanja mbuzi wa kijiji cha mbali haiko kwenye chupa. Iko kwenye gari, mafuta, posho, masanduku ya barafu na siku za kuzunguka kuwaambia watu wajitokeze. Hayo yote serikali imekwisha kuyalipa kwa ajili ya sotoka, tena kwa kumpunguzia mfugaji nusu ya bei. Timu ikiwa imefika, na mbuzi wakiwa wamekwisha kubanwa, kuongeza sindano ya pili ya homa ya mapafu katika wilaya zinazojulikana kuwa na ugonjwa ni gharama ndogo ukilinganisha na kurudi safari nyingine. Sisemi nchi nzima. Nchi ina mbuzi zaidi ya milioni 25, na chanjo ya kutosha wote kila mwaka haipo. Nasema kata zile ambazo maofisa mifugo wenyewe wanazitaja kwa majina ukiwauliza. Mwenye uwezo achangie bei kamili ya sindano hiyo ya pili. Mwenye wachache apewe ruzuku kama ile ya sotoka.

Hata hivyo chanjo peke yake haitashinda mnada. Mwaka 2009 sotoka ilifika Tandahimba, mkoani Mtwara, eneo la wakulima wa korosho ambalo watu wengi hawalihesabu kabisa kama la mifugo. Haikuvuka pori kwa miguu kutoka Ngorongoro. Ilifuatiliwa hadi kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wakapakiwa kwenye gari na kushushwa kusini. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye katika Kanda ya Kusini ulikuta mbuzi wenye kingamwili za sotoka na wengine wenye kingamwili za homa ya mapafu, katika vijiji ambavyo havikuwa na desturi ya kuchanja magonjwa hayo. Pugu ni mahali ambapo mbuzi wa Singida, wa Dodoma na wa Manyara hulala ua mmoja kabla ya kugawanywa kwenda machinjioni na, hapa ndipo penye hatari, kwenda kufugwa. Mbuzi wa machinjioni hafiki mbali na ugonjwa wake. Mbuzi wa kufugwa anaupeleka nyumbani kwa mtu. Tunayo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, tuna vibali vya kusafirisha, tuna vizuizi barabarani. Aliyewahi kusafiri na lori la mifugo anajua kibali hukaguliwa kwa idadi ya vichwa na kwa ushuru. Kifua cha mbuzi hakisikilizwi. Hutcheon hakuwa na chanjo kama ya leo, na pia hakuwa na minada kumi ya wiki kwenye njia moja ya lami.

Kwa mfugaji mwenyewe hili lina maana ya vitendo isiyosubiri wizara. Mbuzi mpya asichanganywe na wa zamani kabla ya mwezi mmoja kupita, hata akiwa na hereni, hata akiwa na cheti. Hereni inasema mnyama ametambuliwa na amepata chanjo ya kampeni. Haisemi chochote juu ya mapafu yake. Najua mwezi ni mrefu kwa mtu mwenye zizi moja na mchungaji mmoja ambaye ni mwanawe wa darasa la tano. Kamba na mti upande wa pili wa boma, mbali na pumzi za wenzake, si karantini kamili, ila ni bora kuliko kumwachia usiku wa kwanza katikati ya zizi. Na mbuzi akifa, apasuliwe mbele ya ofisa mifugo badala ya kugawanywa nyama kimyakimya. Bila hilo, kila kifo kitaendelea kuitwa jina la kilichotangulia kutokea, na kwa msimu huu kilichotangulia kutokea ni chanjo.

Kwa upande wa serikali, jambo la kwanza ni la bei rahisi kuliko yote. Kadi anayopewa mfugaji, tangazo la redio na mdomo wa mchanjaji viseme kitu kimoja: leo tumechanja sotoka, hatujachanja homa ya mapafu, na mbuzi wakianza kukohoa bila kuhara tupigie namba hii. Mchanjaji aulize, kabla ya kufungua chupa, kama kuna zizi lenye mbuzi wanaokohoa, na zizi hilo lichanjwe la mwisho au lichanjwe kwake. La pili ni gumu zaidi. Sampuli zikichukuliwa, majibu yarudi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una uwezo wa kukipima kijidudu hiki kwa vinasaba, lakini mfugaji wa Simanjiro anayetoa taarifa ya vifo leo, akaja mtu kuchukua damu, kisha asisikie neno tena, hatatoa taarifa mara ya pili. Ofisa mifugo wa kata ndiye atakayebeba aibu ya ukimya huo, na mara nyingi hana hata pikipiki yenye mafuta.

Lipo pia soko la nje, ambalo wakubwa hulisikiliza haraka kuliko kilio cha mama wa Dodoma. Nyama ya mbuzi ya Tanzania inakwenda Falme za Kiarabu, Qatar, Oman na Saudi Arabia. Wanunuzi hao wana historia ya kufunga milango ghafla wanapousikia ugonjwa. Wasomali wanaosafirisha mifugo kupitia bandari ya Berbera, Somaliland, wanaijua hasara hiyo, tangu marufuku za homa ya Bonde la Ufa. Nchi inayotaka kuuza nyama huko inahitaji kuonyesha kwamba inajua mbuzi wake wanakufa kwa nini, wapi na lini. Idadi ya dozi zilizotumika haijibu swali hilo.

Kuufuta ugonjwa kama sotoka kunahitaji kuchanja sehemu kubwa ya mbuzi na kondoo katika kila eneo, tena zaidi ya raundi moja, kwa sababu kila msimu huzaliwa watoto wasio na kinga. Raundi ya kwanza watu walikuja kwa sababu rais alizindua, viongozi wa vijiji walihimiza na bei ilikuwa nafuu. Raundi zinazofuata watakuja au watabaki malishoni kutokana na walichokiona zizini mwao baada ya ile ya kwanza. Aliyezika mbuzi kumi na wawili kwa homa ya mapafu wiki tatu baada ya sindano hatahitaji kushawishiwa na mwanasiasa yeyote wa upinzani ili asije. Ataswaga mbuzi wake mapema siku hiyo, upande ambao gari la chanjo halifiki, na wizara itaandika kwenye ripoti yake kwamba mwitikio wa kijiji hicho ulikuwa mdogo.